Agripina na Makochi ya Kang'ata

Agripina Paulo alikuwa na sheria moja kazini, na aliiandika kwa rangi ya kahawia kwenye ubao juu ya mlango wa karakana yake, Old Korogwe: KITI HAKITOKI HAPA KABLA YA KITAMBAA CHEUPE. Mgeni alidhani ni tangazo la kuuza vitambaa, lakini wenyeji walijua. Kila alipomaliza kurudisha rangi ya kochi la ngozi, Agripina alichukua kipande cha shuka nyeupe, akakilowanisha, akakikamua, kisha akasugua mkono wa kochi mara kumi kwa nguvu zake zote, mbele ya mwenye mali. Kitambaa kikibaki cheupe, kochi linakwenda. Kikirudi na rangi, hata kidogo kama doa la chai, kochi linabaki na mwenye mali anakwenda peke yake.

Aliishika sheria hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka juzi, mwezi wa nne, aliivunja.

Nimesikia mara nyingi, msibani na kwenye foleni ya benki, kwamba mafundi wote ni waongo na hakuna haja ya kuhangaika kutafuta mkweli. Maneno hayo ni ya uvivu. Anayeyasema anajipa ruhusa ya kudanganya na yeye. Agripina alikosa, sitamtetea katika hilo. Lakini watu wengi wanakosa, na wachache sana hufanya alichofanya yeye wiki ile.

Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge. Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge na hakurudi. Baba yake, Paulo, alianika singa, nyuzi za mkonge, juani maisha yake yote, na watoto wake walikua wakijua kwamba kitu kilichoanikwa hukauka kwa wakati wake, si kwa wakati wa msimamizi. Shule aliishia la saba. Akiwa na miaka ishirini na miwili, tayari na mtoto mmoja, Peter, alianza kukaa karibu na mzee Habakuki, fundi viatu wa jirani na stesheni, akimpa nyuzi na gundi. Habakuki alikuwa mkali. Kiatu kilichoshonwa vibaya alikikata nyuzi zote mbele ya aliyekishona na kumwambia aanze upya bila kununa. Kwa Habakuki alijifunza ngozi ni nini, inakunywa nini na inakataa nini.

Makochi yalikuja baadaye. Sista mmoja alimletea kiti cha ngozi kilichopauka mpaka kikafanana na ganda la muhogo, akamuuliza kama anayeweza kiatu hawezi kiti. Agripina alikaa na kile kiti miezi miwili. Kilipotoka, sista hakuamini, akataka kuonyeshwa alama aliyoiweka chini ya mguu. Tangu hapo viti vikaja kutoka Mombo, Muheza na Handeni, na vingi zaidi kutoka majumba ya Old Korogwe yenyewe. Watu wa huko wanapenda sebule nzuri na wanajuana mpaka rangi ya pazia.

Mama Glory, jina lake Rhoda, alimfahamu Agripina kwa kukalia kazi yake. Ni mjane wa Kang'ata, huko Handeni, mkulima, mwenye binti mmoja, Glory, mwalimu wa shule ya msingi. Glory alikuwa amepata mchumba, Clinton, kijana wa Old Korogwe. Siku ya kwenda kutambulishwa kwa wazee wa Clinton, Mama Glory alikalishwa kwenye kiti cha ngozi cha mzee Erasto, baba mkubwa wa kijana. Akakipapasa mkono, akauliza kimenunuliwa wapi.

"Hakijanunuliwa," mzee Erasto alimjibu. "Kina umri mkubwa kuliko huyu Clinton. Kimerudishwa na Agripina, hapo chini karibu na mto."

Mama Glory alikuwa na seti yake nyumbani: kochi la watu watatu, la wawili, viti viwili vya mtu mmoja na kistuli cha kuwekea miguu. Marehemu mumewe alikuwa mtunza stoo wa shamba la mkonge, na nyumba ya wageni ya shamba ilipofungwa alipewa seti hiyo kama ahsante. Ngozi yenyewe, ya ng'ombe, si plastiki. Posa ilipangwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nne, na wageni wangekalia makochi hayo. Lakini mpaka kupata gari na mtu wa kumlindia shamba, Mama Glory aliyafikisha Korogwe zikiwa zimebaki siku kumi na mbili.

Agripina aliinua vitambaa vya kushona kwa mkono vilivyotandikwa kwenye migongo ya makochi. Chini yake ngozi ilikuwa kahawia nzito, imara, kama ilivyotoka kiwandani. Pembeni ya vitambaa ilikuwa imepauka na kupasukapasuka, na kwenye mikono ilikuwa nyeusi na yenye kunata. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Mama Glory, mnapaka mafuta ya mgando?"

"Si kila nyumba inapaka? Wageni wakija lazima yang'ae."

"Tangu lini?"

"Tangu marehemu yupo hai. Miaka kumi na mitano labda."

"Basi yameshiba mafuta mpaka kwenye mbao. Mafuta yasipotoka, rangi haishiki. Natakiwa kuosha mara mbili kwa sabuni na mara mbili kwa spiriti, nikaushe, nipige msasa, nizibe nyufa, nikaushe tena, ndipo rangi. Rangi nipake mikono mitano myembamba, mmoja juu ya mwingine, halafu vanishi. Na mvua hii. Wiki tatu."

"Wiki tatu! Wageni niwakalishe kwenye ndoo?"

"Wakalishe kwenye viti vya plastiki. Wanakuja kwa ajili ya binti."

"Wewe hujui wanakuja kwa ajili ya nini. Yule shangazi yao, Grasiana, siku ile alinitazama viatu kabla hajanitazama uso. Dada Agripina, mimi sina mume wa kukaa pale mlangoni kupokea wageni. Nina makochi aliyoyaacha. Nisaidie."

Agripina akasema, "Nitajaribu."

Kosa lilianzia hapo, kabla hata chupa ya rangi haijafunguliwa. Fundi anayejua kwamba kazi ni ya wiki tatu anasema wiki tatu, mteja alie asilie. Aliyesema "nitajaribu" ameshaahidi kitu ambacho mikono yake inajua kwamba hakipo, na kuanzia hapo mikono itatafuta njia ya kuiba siku.

Aliiba siku kwenye kuosha. Badala ya mara mbili mbili aliosha mara moja moja. Kitambaa cha spiriti kilikuwa bado kinatoka cheusi alipoacha. Akapiga msasa, akaziba nyufa, akachanganya rangi mpaka ikalingana kabisa na ile iliyofichwa chini ya vitambaa, akaipaka kwa sponji taratibu. Yeyote aliyepita Jumatano mlangoni pake alisimama kutazama, maana seti ile ilikuwa imerudia ujana. Kwa macho, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Macho ya wapita njia, hata hivyo, hayakuwemo kwenye sheria yake.

Alhamisi mchana Mama Glory alifika na kirikuu ya Iddy, dereva wa Handeni anayebeba kila kitu kuanzia saruji mpaka maharusi. Nyuma alikuwa ameshapakia viti vya plastiki vya kukodi. Agripina akachukua kitambaa cheupe, akakilowanisha, akasugua mkono wa kochi kubwa mara kumi. Akakigeuza.

Kilikuwa kahawia.

Mama Glory alikitazama, akamtazama Agripina. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akafunika uso kwa ncha ya kitenge, akasema polepole, "Basi ndiyo hivyo. Nitawaambia wageni makochi yapo Korogwe, waende wakayakalie huko huko."

Iddy akacheka. "Mama, usilie, nitawakalisha kwenye gari langu."

Agripina alisimama na kile kitambaa mkononi. Aliniambia baadaye kwamba hakuwaza fedha wala sifa, aliwaza mlango wa nyumba ile ambao hauna mwanamume wa kukaa pale. Akakikunja kitambaa, akakiingiza mfukoni mwa aproni.

"Zimebaki siku mbili," akasema. "Rangi itakauka njiani. Mkifika fungueni madirisha, na mtu asikae mpaka Jumamosi."

Huruma ilikuwa ya kweli. Uongo nao ulikuwa wa kweli, na huruma haikuupunguza hata robo. Rangi iliyolala juu ya mafuta haikauki njiani wala nyumbani, na katika Korogwe nzima mtu aliyelijua hilo kuliko wote alikuwa yeye.

Makochi yalipakiwa. Kistuli kilikosa nafasi kwa sababu ya viti vya plastiki, kikabaki karakana.

Jumamosi asubuhi Glory aliamka mapema kuliko wote. Alifagia uwanja, akachota maji, akapika. Kabla hajaenda kuoga alichukua kopo la mafuta ya mgando, akapaka makochi yote kwa kitambaa laini, kama alivyofundishwa tangu mdogo kila walipotarajia wageni. Hakuna aliyemwambia asifanye. Mama yake alimwona na akamsifu.

Wageni kumi na mmoja walifika saa tano. Shangazi Grasiana alivaa gauni la lesi ya krimu, jipya, lililoshonwa kwa ajili ya siku ile, akawekwa katikati ya kochi kubwa kama anavyostahili shangazi wa bwana harusi. Maneno yalikwenda vizuri. Barua ilisomwa, mahari ikatajwa, wazee wakataniana. Kulikuwa na joto baada ya mvua, na mazungumzo yalichukua saa mbili na nusu. Wakala, wakaagana, wakapanda gari.

Hakuna aliyeona kitu mpaka Handeni mjini. Grasiana aliteremka stendi kununua machungwa. Akatembea kwa madaha, kama anavyotembea siku zote, kutoka gari mpaka meza za matunda, akachagua, akabishana bei, akarudi nusu ya njia. Ndipo muuza karanga mmoja akamkimbilia na kumwambia kwa sauti ya kunong'ona ambayo stendi nzima iliisikia:

"Mama, samahani, jifunge khanga. Umekalia matope."

Hayakuwa matope. Gauni zima nyuma, kuanzia kiunoni kwenda chini, lilikuwa na maduara mawili ya kahawia yanayong'aa mafuta. Wenzake walivaa nguo nyeusi, zao hazikuonyesha kitu. Makuli walicheka. Mmoja akasema mama huyu ametoka kupigwa mhuri. Grasiana aliingia garini bila machungwa.

Jioni hiyo alipiga simu Kang'ata. Mama Glory aliyatazama makochi, akaona rangi imetoka pale walipokaa watu, akamwita binti yake.

"Ulipaka nini asubuhi?"

"Mafuta, mama. Si uliniona?"

Basi ikaisha hapo. Glory alikiri alichofanya, na alichofanya kilikuwa kweli, kwa hiyo kila mtu akaamini kwamba jibu limepatikana. Kufika Jumapili, Old Korogwe ilikuwa ikisimulia habari ya mwalimu wa Kang'ata anayepaka makochi mafuta kama chapati. Grasiana alisema msichana asiyejua kuandaa kiti cha mgeni hajui kuandaa nyumba. Wazee wa Clinton waliokuwa wapange tarehe ya ndoa wakapeleka ujumbe kwamba "wanajipanga". Huku kwetu kila mtu anajua maana yake. Watu wanaojipanga baada ya posa wanatafuta mlango wa kutokea.

Iddy ndiye aliyempelekea Agripina habari, Jumatatu, akiwa amekuja kupakia mbao. Alisimulia vizuri, na kutembea kwa Grasiana akakuigiza mpaka watu wa karakana ya jirani wakaja kucheka.

"Na binti?" Agripina akauliza.

"Binti ndiye kaharibu, si kapaka mafuta? Wamesema wanajipanga." Iddy akajifuta machozi ya kicheko. "Wewe umepona, fundi. Mimi nilidhani watasema ni rangi yako."

Agripina aliingia ndani. Aproni ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Akatoa kile kitambaa mfukoni, kimekauka na kukakamaa, kahawia upande mmoja. Akakishika, akatoka.

"Iddy, unarudi Handeni saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Nipeleke mpaka Kang'ata."

"Kufanya nini?"

"Nipeleke."

Alifika Kang'ata saa tisa alasiri. Mama Glory alikuwa uwanjani anapepeta mahindi, na Glory alikuwa amerudi kutoka shuleni na kukaa ndani, hataki kutoka. Agripina hakutaka hata maji ya kunywa. Alisimama uwanjani akasema yote: kwamba aliosha mara moja badala ya mbili, kwamba aliona kitambaa kikirudi na rangi, kwamba mafuta ya asubuhi ile yalikuwa sababu ndogo na rangi ingetoka hata bila hayo.

Mama Glory aliendelea kupepeta.

"Nilikiona hicho kitambaa," akasema. "Na mimi nilikuwepo. Nilikaa pale mlangoni nikakulilia."

"Ulilia wewe. Aliyeruhusu ni mimi. Nakwenda kwa mzee Erasto kuwaambia."

Ungo ukasimama. "Uende kuwaambia nini? Kwamba makochi ya marehemu ni mabovu, yamepakwa rangi, na mimi nilijua hayajakauka nikawakalisha? Hapana, dada. Watu wamesema ni mafuta. Acha iwe mafuta. Msichana kuzidisha mafuta ni jambo dogo, watacheka mwezi mmoja watasahau. Mjane kuwakalisha wakwe kwenye rangi mbichi ni jambo kubwa."

"Hawacheki tu, Mama Glory. Wanajipanga."

"Watajipanga wamalize."

Glory alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, bado na nguo za shule.

"Mama," akasema, "anayesemwa ni mimi. Watoto wa darasa la nne wameniuliza leo kama nimeleta mafuta ya kupaka madawati."

"Nyamaza, mwanangu, mambo ya wakubwa haya."

"Siyo ya wakubwa. Yamenifikia mimi darasani." Akamgeukia Agripina. "Shikamoo mama. Kama ni kweli, nenda ukaseme. Kama unanionea huruma tu, usiende, maana nikipona kwa uongo watakuja kujua, na itakuwa mbaya zaidi."

"Marahaba. Ni kweli," Agripina akasema, "na nitakwenda, hata kama mama yako hataki. Lakini jina lake sitalitaja. Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu."

Hapo ndipo ninapomheshimu. Angeweza kujificha nyuma ya katazo la Mama Glory. Aliyekosewa amesema acha, kwa nini nisiache? Wengi wetu tungeshukuru na kurudi nyumbani na dhamiri imefungwa kwa kamba ya mtu mwingine. Yeye aliona kwamba aliyekosewa hasa ni msichana, na msichana amesema nenda.

Jumanne asubuhi alikifunga kile kistuli kilichobaki nyuma ya bodaboda, akapanda nacho mpaka kwa mzee Erasto. Kistuli kilikuwa kimeoshwa siku ileile na makochi mengine, rangi ileile, vanishi ileile, na mafuta ya Glory hayakukigusa. Njiani watu walimsalimu kwa furaha. Kila nyumba ya tatu kwenye ile barabara ilikuwa na kiti chake.

Kwa mzee Erasto alimkuta mzee mwenyewe, Clinton, na Grasiana aliyekuja kwa kaka yake kunywa chai na kulisimulia gauni lake upya.

"Shikamoo mzee. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, fundi," mzee Erasto akasema. "Karibu chai."

"Nikishasema, mtaamua kama mnanipa."

Akasema. Maneno machache, bila kulia na bila kuomba. Seti ya Kang'ata ilitoka kwake kabla ya kitambaa kuikubali. Aliona. Aliiachia. Doa la gauni ni lake, si la Glory.

Grasiana aliweka kikombe chini. "Wamekutuma."

"Hawajanituma, shangazi."

"Wamekutuma, na wamekupa kuku. Msichana mwenyewe amekiri kupaka mafuta. Wewe ni fundi mzuri, kiti hiki cha kaka yangu umekifanya wewe. Leo utuambie umesahau kazi?"

"Sijasahau. Nimefanya nusu nikijua ni nusu. Clinton, baba, niletee mafuta ya mgando."

Clinton akaleta kopo. Agripina akachota kwa vidole vitatu, akapaka mkono mmoja wa kiti cha mzee Erasto, mengi mengi, mzee mwenyewe akiwa amekikalia. Akatoa kitambaa cheupe kipya, akakilowanisha kwenye bakuli la kunawia, akasugua mara kumi. Akakiinua. Kilikuwa na mafuta, lakini kilikuwa cheupe.

"Hiki kilioshwa sawasawa," akasema. "Mafuta yamekuja juu, rangi haikutoka. Mafuta peke yake hayaondoi rangi iliyoshika."

Akavuta kistuli. "Hiki ni ndugu wa makochi mliyokalia. Kilibaki kwangu. Binti hajawahi kukigusa." Akasugua mara kumi kwa kitambaa kingine. Hakuhitaji kukiinua. Vidole vyake vyote vilikuwa kahawia.

Clinton alitoka nje bila kuaga, na tukajua baadaye kwamba alikwenda kupiga simu Kang'ata.

"Kwa hiyo," Grasiana akasema, "uliona kabisa kwamba inatoka. Na ukaniacha nikaikalie."

"Ndiyo, shangazi."

"Nimetembea stendi nzima ya Handeni. Nimeitwa nimepigwa mhuri."

"Najua. Gauni nitalifua, na lisipotakata nitakushonea jingine. Lakini hilo ni la gauni. Nililokuja kuomba ni kwamba jina la binti lirudi mahali lilipokuwa, na mlirudishe ninyi, kwa sababu ninyi ndio mliolitoa."

Grasiana alisimama. "Hilo tutalifanya. Sisi si watu wa kumwonea mtoto. Lakini na jina lako nitalipeleka linapostahili, tena kwa mdomo huu huu."

"Ni haki yako."

Mzee Erasto alimgeukia fundi. "Agripina, ungekaa kimya, nani angejua?"

"Hakuna, mzee."

"Basi kaa unywe chai."

Alikunywa. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kutafuta gari, na Ijumaa seti nzima ilikuwa imerudi karakana kwake. Aliikwangua rangi yote, kipande kwa kipande, mpaka ngozi ikabaki tupu. Akaosha, akaacha, akaosha tena. Ilimchukua wiki tano, kwa sababu mafuta ya miaka kumi na mitano yaliendelea kutoka mpaka wiki ya tatu. Hakupokea kazi nyingine ndani ya wiki hizo, na kazi hiyo hakuichukulia malipo. Mara hii aliposugua mara kumi, mbele ya Mama Glory na Iddy, kitambaa kilirudi cheupe. Mama Glory alikitaka yeye mwenyewe, akasugua mara kumi nyingine kwa mikono yake. Hakusema ahsante. Alisema, "Sawa," na kwa mwanamke yule nadhani ilitosha.

Wazee wa Clinton walipanga tarehe. Glory na Clinton walifunga ndoa mwezi wa nane, kanisani, na Grasiana alikuwa wa kwanza kumtunza bi harusi. Mama Glory anakaribisha wageni kwenye makochi yale mpaka leo, na hakuna anayeyapaka mafuta.

Grasiana naye alitimiza neno lake. Kwenye kikundi chao cha akina mama, sokoni, na kwenye kila sherehe iliyofuata, alieleza kwamba Agripina aliona rangi inatoka na akaiachia. Hakuongeza uongo, wala hakuhitaji kuongeza. Nyumba ya wageni mpya iliyokuwa imempa viti kumi na sita ilivipeleka kwa fundi wa Tanga. Waliokuwa kwenye foleni walikuja mmoja mmoja kuchukua makochi yao yakiwa bado yamepauka, wakisema wamebadili mawazo. Ubao juu ya mlango haukushushwa, lakini wapita njia walianza kuusoma kwa sauti na kucheka. Anaishi kwa kushona viatu, kazi aliyoanza nayo, na kwa makochi mawili au matatu kwa mwaka yanayotoka mbali, mahali ambapo habari haijafika.

Kusema ukweli kulimgharimu Agripina wateja wote wa Old Korogwe. Tangu Jumanne ile mpaka ninapoandika haya, hakuna nyumba hata moja ya mtaa ule iliyompelekea kiti.